Muziki wa Uwanjani Wakati wa Kiangazi: Kutoka Nakuru hadi Kakamega

Jumamosi, 20 Desemba. Nakuru

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, kiangazi ni Juni hadi Agosti, na katika miji mingi midogo ya Marekani bendi za wenyeji hutumia jioni za msimu huo kuwapigia watu muziki wa bure bustanini, kila familia ikija na viti vyake na chakula chake. Kwetu magharibi mwa Kenya, Agosti ni mwezi wa mvua za alasiri, na anayepanga onyesho la nje mwezi huo hukesha akiangalia mawingu. Kiangazi chetu hasa huanza Desemba, wakati mahindi yameshavunwa, shule zimefungwa, na watu wa mijini wamo njiani kurudi makwao kwa Krismasi. Huo ndio msimu wa ngoma za uwanjani, nami nimeamua kuufuata muziki huo mji kwa mji hadi Kakamega, nikisikiliza ule tu unaopigwa mahali pa wazi bila tiketi mlangoni.

Nakuru ninakoishi si mji mdogo tena, kwani ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Hata hivyo nimeanzia hapa, kwa sababu leo mchana kulikuwa na lori la matangazo katikati ya jiji, limepakia spika zilizopangwa hadi juu ya paa la kichwa chake, na vijana wawili waliokuwa wakicheza vizuri mno juu yake. Watu walikuwa wengi, lakini walisimama ng'ambo ya barabara wakitazama kwa mbali, kwa maana karibu na zile spika hapakukalika. Kati ya wachezaji na watazamaji palibaki nafasi kubwa ambayo ni upepo na vumbi tu vilivyokuwa vikipita. Onyesho lilikuwa la bure kweli, na wachezaji walistahili sifa, ila hakuna aliyeweza kuwasogelea ili kuwapa. Nimeiandika nafasi hiyo katika daftari langu, kwa kuwa nataka kuona katika miji ninakokwenda ni chombo gani kinachowavuta watu karibu na ni kipi kinachowasukuma mbali.

Jumapili, 21 Desemba. Kericho

Mvua imenipokea Kericho, kiangazi au si kiangazi. Mji huu uko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mashamba ya chai yanayouzunguka yanastawi kwa sababu mvua haiwi mbali kwa muda mrefu.

Muziki niliopata ulikuwa wa kwaya ya vijana waliokuwa wakitoka kanisani, wakajibanza chini ya baraza ya duka lililofungwa na kuendelea na nyimbo zao za Krismasi wakisubiri mawingu yapite. Ngoma yao ilikuwa imelegea kwa unyevu. Ngozi ikinyonya maji hutanuka, na sauti huwa nzito na butu, kwa hiyo mpigaji alimwomba mama aliyekuwa akichoma mahindi pembeni nafasi kidogo kwenye jiko lake, akaigeuza ngoma juu ya makaa, akawa anaigonga kwa ncha za vidole kila baada ya muda hadi sauti ilipopanda. Mama yule aliyasogeza mahindi yake bila kunung'unika. Kisha walirudia wimbo ule ule tangu mwanzo, na tofauti ilikuwa dhahiri hata kwa mpita njia.

Jumatatu, 22 Desemba. Ahero

Barabara ya kutoka Kericho huteremka kwa kasi hadi uwanda wa Nyando, na unaposhuka kwenye matatu unahisi umebadilisha nchi: joto limetanda, ardhi imelala tambarare, na nje ya mji kuna mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa miaka ya 1960. Ahero ni mji wa njia panda, na watu wake wengi wanasubiri gari au wanamsubiri anayesubiri gari. Nyuma ya soko, chini ya mti mkubwa, nilimkuta mzee na nyatiti yake.

Nimewahi kuisikia nyatiti kwenye redio na katika kumbi, lakini kuisikia chini ya mti ni jambo jingine kabisa, na nitaeleza kwa nini. Chombo hiki kina nyuzi nane. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi kiitwacho orindi, nyatiti ikiwa imelazwa chini kando yake, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo huigonga kwenye mti wa chombo ili kupata mapigo. Mguuni hufunga gara, zile njuga ambazo hulia kila mguu unapotikisika. Mtu mmoja, kwa hiyo, huchezesha nyuzi kwa vidole, hugonga chuma, hutikisa njuga na kuimba, vyote kwa pamoja. Nilipochutama karibu niliona mahali pete ilipokuwa ikigonga: mti ulikuwa umelika, pakawa na kishimo laini, cheusi, kinacholingana sawasawa na ukingo wa ile pete.

Sauti ya nyuzi hizo haifiki mbali. Uwanjani hakuna ukuta wa kuirudisha wala dari ya kuizuia, na mtu akisimama hatua chache nje ya kivuli cha mti husikia chuma na njuga tu. Ndiyo maana watu walikuwa wamebanana: watoto wameketi chini mbele kabisa, kina mama juu ya leso na magunia, wanaume wamesimama nyuma yao, na vijana wa boda boda wamepanda juu ya pikipiki zao wakichungulia juu ya vichwa. Hakuna aliyewapanga. Ni chombo chenyewe kilichowachorea duara, na ukubwa wake ulikuwa umbali ambao uzi mwembamba kuliko zote ungeweza kusikika.

Katika duara hilo nilishuhudia pakruok, desturi ya Waluo ambayo kwayo msikilizaji hutoa pesa, muziki husimama, naye hupewa nafasi ya kujisifu. Mwanamume aliyevaa mabuti ya mpira yenye matope ya mpungani aliinua mkono, akaweka noti kwenye bakuli, na nyuzi zikanyamaza hapo hapo. Alijitaja kwa majina ya sifa, akamtaja mama yake na ufuo alikozaliwa, akasema mpunga wake mwaka huu umewanyamazisha waliomcheka. Watu wakashangilia, mzee akapokea maneno yale yale na kuyatia ndani ya wimbo, na muziki ukaendelea pale ulipokuwa umeachwa. Haukupita muda mrefu kabla ya mwingine kulipa ili amjibu. Mama mmoja alitoa sarafu kwa ajili ya mwanawe aliyefika asubuhi hiyo kutoka Mombasa, na mwana huyo, mtu mzima mwenye ndevu, aliona haya mpaka akaficha uso.

Nadhani hapa ndipo panapoonekana namna onyesho lisilo na tiketi linavyomlisha mpigaji. Hakuna anayelipa ili aingie, na maskini husikiliza sawa na tajiri, lakini anayetaka jina lake liimbwe hulipa mbele ya watu wote, kwa hiari na kwa fahari. Jambo hilo linawezekana tu ikiwa mpigaji anakuona na wewe unamfikia. Nami niliinuka nikatuza shilingi mia moja kwa jina la marehemu baba yangu, aliyependa nyatiti ingawa hakuwa Mluo. Mzee aliniuliza nimetoka wapi. "Nakuru, Jaduong'," nikamjibu, kwa neno la Kiluo la kumheshimu mzee, naye akaniimba kwa jina la nyar Nakuru, binti wa Nakuru, akamweka baba yangu katika beti tatu nzima. Sijawahi kutumia shilingi mia moja vizuri zaidi ya hapo.

Jumanne na Jumatano. Kisumu

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na mji umekuwa ukikua tangu hapo. Siku mbili kabla ya Krismasi, kelele zake hukua pia. Katika Barabara ya Oginga Odinga, maduka yalikuwa yametoa spika nje, kila moja likipiga wimbo wake, na aliyesimama katikati hakuweza kuufuata hata mmoja. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nyimbo zenyewe zilikuwa nzuri. Mwenye duka aliyeamua kuita wateja kwa muziki angefaidika zaidi kama angemwalika mpigaji mmoja akae kivulini mbele ya mlango, maana watu wangesimama badala ya kupita mbio.

Joto la Kisumu mwezi huu hufanya pasiwe na onyesho la maana kabla ya saa kumi jioni. Baada ya hapo nilipata ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, katika kiwanja kitupu mtaani, ngoma kadhaa zikiwa zimepangwa kwa ukubwa, na kando yake kinanda cha umeme kikiendeshwa kwa jenereta. Nilikuwa nimejiandaa kukichukia kinanda hicho, lakini waliokitumia walijua kazi yao: jenereta walikuwa wameiweka nyuma ya ukuta, mbali, na spika moja tu ilikuwa imewekwa chini, ikielekezwa kwa wachezaji wenyewe. Ngoma zilibaki juu ya kila kitu. Watu walicheza hadi vumbi likawafunika magoti, na mshereheshaji alikuwa akitembea kati yao bila kipaza sauti, akipokea pesa za kutuza na kutaja majina kwa sauti yake mwenyewe.

Jumatano jioni nilikwenda Dunga, kusini mwa mji, ambako mashua za wavuvi huvutwa ufuoni. Mpiga orutu alikuwa ameketi juu ya ukingo wa mashua iliyopinduliwa. Orutu ni zeze la uzi mmoja, na kwa kuwa uta wake husugua uzi bila kuukatiza, sauti yake hurefuka na hupasua hewa karibu kama mtu anayeita. Duara lake, kwa hiyo, ni pana kuliko la nyatiti, na watu walikaa kwa kutawanyika, wengine wakiendelea kukunja nyavu. Aliacha kupiga jua lilipozama.

Alhamisi, 25 Desemba. Luanda

Kutoka Kisumu matatu hupanda hadi Maseno, ambako barabara huvuka ikweta, kisha huingia Luanda katika Kaunti ya Vihiga. Hili ni eneo la bendi za makanisa, na Krismasi ndiyo siku yao kuu ya kutembea barabarani. Niliwaona kwanza waumini waliovaa kanzu nyeupe wakipita kwa mwendo wa haraka, bendera mbele na ngoma katikati, kisha, muda mfupi kabla ya saa sita, nikasikia vyombo vya shaba vikilia kutoka bondeni.

Ilikuwa bendi ya Jeshi la Wokovu. Kanisa hilo lilianza kazi Kenya mwaka 1921, na limeota mizizi mirefu Vihiga, lakini desturi ya kupiga shaba ni kongwe zaidi: ilianza mwaka 1878 mjini Salisbury, Uingereza, pale baba mmoja na wanawe watatu walipojitolea kuwapigia muziki wahubiri wa mitaani waliokuwa wakisumbuliwa na makundi ya watu. Tangu mwanzo, basi, muziki huu ulikusudiwa kupigwa nje na kusikika juu ya kelele, na hauhitaji umeme wala spika ili ufike upande wa pili wa soko. Ila shaba hutupa sauti mahali mdomo wa chombo unakoelekea. Aliye mbele ya bendi husikia koneti zikimpiga usoni, na aliye nyuma hubaki na ngoma kubwa peke yake. Nilijaribu pande zote, na kwa maoni yangu mahali pazuri kuliko pote ni kwenye kona ya barabara, kwa sababu bendi ikigeuka, kila safu hukupitia kwa zamu: tromboni, kisha koneti, kisha zile tuba zinazobebwa na wanaume wenye vifua vipana, na mwisho ngoma.

Walipopumzika chini ya mkaratusi niliketi karibu na msichana wa umri wa shule ya upili aliyekuwa na koneti. Aliipindua akamwaga mate, akaipangusa kwa ukingo wa mkono wa sare yake, kisha akanionyesha valvu ya pili. Springi yake ya asili ilikuwa imekatika, na mahali pake palikuwa na kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli na kufungwa kwa ustadi nje ya chombo, kikiinua kidude cha kubonyeza kila alipokiachilia. Nilimuuliza kama hakimpunguzii kasi. "Hapana, dada," akajibu, "ila ukipigwa na jua sana mpira unalegea, kwa hiyo tunapenda kutembea asubuhi." Chombo hicho kilikuwa cha babu yake kabla hakijakuwa chake.

Hapa hakuna kutuza mtu binafsi. Kinachotolewa huwekwa katika ndoo ya sadaka, na watu walitoa pesa, mayai na hata mkungu wa ndizi, ambao ulipandishwa juu ya bega la mpiga ngoma mdogo ukaendelea na maandamano.

Ijumaa, 26 Desemba. Mbale

Kila tarehe 26 Desemba Wamaragoli hufanya tamasha lao la utamaduni hapa Mbale, na wengi waliorudi nyumbani kwa Krismasi hubaki kwa ajili ya siku hii. Vihiga ni kaunti ndogo yenye watu wengi: sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 590,013, ambao ni zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande, nyumba zimekaribiana, na uwanja wowote ulio wazi ni mali adimu. Nilipouona umati umejaa pale niliwaza kuhusu viwanja vya soko na vya shule ambavyo katika miji mingine vimezungushiwa ukuta kimya kimya, na nikatamani kila mpangaji wa miji angekuwa amesimama pembeni mwangu.

Kulikuwa na ugali wa wimbi, mrenda na kunde, na wazee waliokuwa wakiwaeleza vijana matumizi ya vyombo ambavyo vijana hao walikuwa hawajawahi kuvishika. Hotuba za wageni zilikuwa nyingi na ndefu, na wakati wake kila kundi la ngoma lilikaa juani likingoja. Muda wa hotuba moja ungewatosha wachezaji wa vijiji viwili. Kipaza sauti kilipowekwa kando hatimaye, kina mama wazee waliingia uwanjani kwa safu, mabega yakitikisika kwa mpigo mmoja huku vichwa vimetulia kabisa, na umati ulioegemea kamba ukaisukuma kamba hiyo mbele hadi ikawa haina kazi. Wasimamizi walijaribu kuirudisha, kisha wakaiacha, na wao wenyewe wakaanza kucheza.

Jumamosi, 27 Desemba. Malinya na Kakamega

Niliondoka Mbale kabla ya alfajiri kwa pikipiki, kwa kuwa mapigano ya mafahali ya Malinya hufanyika asubuhi mapema, na isukuti huanza hata mapema zaidi, pale fahali anapotolewa nyumbani. Nilikutana na msafara barabarani kukiwa bado na ukungu. Fahali alikuwa katikati, na mbele, nyuma na kandokando yake walikuwa vijana wakikimbia nusu na kutembea nusu, ngoma zikiwa zimefungwa kwa mikanda begani.

Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma, huku mwimbaji mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Ni muziki wa Waisukha na Waidakho, hupigwa mtoto anapozaliwa, katika arusi, katika mazishi na katika michezo, na mwaka 2014 UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu wengi wanaoujua vyema wamezeeka na vijana wanavutwa na burudani za kisasa. Nilichogundua leo ni kwamba isukuti haina mahali pa kuketi msikilizaji. Duara lake linatembea. Ukitaka kuisikia inakupasa ukimbie nayo, na ukiishiwa na pumzi muziki unakuacha, kwa hiyo wanaoisikiliza ndio hao hao wanaoitikia. Mvulana aliyebeba ngoma ndogo hakuwa amefikisha miaka kumi na miwili, na mkubwa aliyekuwa na ngoma kubwa alikuwa akimtazama mikono kila mpigo ulipobadilika. Mara mbili mvulana alipotea, na mara zote mkubwa alirahisisha mpigo wake mwenyewe mpaka mdogo akarudi njiani, bila wimbo kusimama.

Kuhusu mafahali nitasema machache: walisukumana kwa pembe, mmoja akakimbia, na uwanja mzima ukamfuata mshindi kwa wimbo hadi nje.

Alasiri nilifika Kakamega, nikaenda moja kwa moja Muliro Gardens, bustani iliyopewa jina la Masinde Muliro. Penye kivuli alikuwepo mzee mwenye gitaa kavu na mwenzake aliyekuwa akikwangua na kugonga chupa tupu ya soda kwa msumari, kwa namna ile ambayo watu wa huku wamekuwa wakiipiga tangu miaka ya 1950. Chupa ile ilinishangaza. Gitaa lisilo na umeme hupotea haraka nje, lakini mlio wa kioo ni mkali na mwembamba, husikika hadi lango la bustani, na mtu akishavutiwa nao huusogelea ndipo anapokutana na gitaa. Nilimweleza hivyo mpiga chupa baada ya wimbo. Alicheka, akasema wao huwa hawana haja ya mtu wa kutangaza, "chupa inawaita, mzee anawaketisha."

Niliwatuza, tukazungumza juu ya springi ya koneti na juu ya mzee wa Ahero, ambaye mpiga gitaa alidai kumfahamu kwa sifa. Waliniambia kesho mchana watakuwa Mumias, karibu na soko, na kwamba kutakuwa na mpiga litungu, chombo cha nyuzi kama nyatiti, kutoka upande wa Bungoma ambaye hushuka huku mara chache sana. Nilikuwa nimelipia gari la kurudi Nakuru kesho asubuhi. Nimeshampigia karani wa stendi, naye amenihamishia kiti changu hadi Jumatatu.